Bibi Amekataa

Kwenye maabara ile hakuna jibu lililotoka kabla Bibi hajaulizwa.

Bibi hakuwa mtu. Alikuwa kipande cha uvimbe wa titi, kikubwa kama ukucha wa dole gumba, kilichogandishwa ndani ya kibonge cha nta na kupewa namba. Kila asubuhi fundi alikikata utandu mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akaubandika upande wa juu wa kioo, na chini yake akabandika utandu wa mgonjwa wa siku hiyo. Vyote viwili vilipita kwenye dawa zile zile, kwa dakika zile zile. Ilijulikana tangu zamani kwamba seli za Bibi zina vipokezi vya homoni, tele, na kwamba dawa ikifanya kazi viini vyake hugeuka kahawia. Basi Bibi akiwa kahawia, jibu la mgonjwa aliye chini yake linaaminika, liwe la ndiyo au la hapana. Bibi akibaki buluu, ni kazi bure, rudia.

"Bibi amesemaje leo?" daktari aliuliza kila siku akivuta kiti kwenye darubini.

"Bibi amekubali," fundi alijibu, na kazi ikaendelea.

Huyo fundi walimwita Wembe. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na minne, mpole, anayecheka kwa mabega bila sauti, lakini mkono wake kwenye mashine ya kukata nta haukuwa na mfano. Wenzake wakimkata Bibi, utandu ulijikunja, ukachanika, wakalaani kisu. Wembe akimkata, utandu ulitoka mzima, mmoja ukishika mkia wa mwingine kama utepe, ukaelea juu ya maji ya uvuguvugu bila hata kunyanzi.

"Bibi anakupenda wewe," walimtania. "Sisi anatuona wakwe."

Miaka tisa alikuwa akimkata. Alilijua umbo lake kuliko umbo la uso wake mwenyewe: mviringo upande mmoja, upande wa pili umebonyea, kama sikio. Kuna nyakati, utandu ukiwa bado majini, Wembe alijikuta amesimama tu anautazama, maji yanatoa mvuke, na hajui amesimama muda gani. Hilo hakumwambia mtu.

Wembe aliishi na mdogo wake, mwanamke mwenzake, katika nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu. Mdogo mtu alikuwa dereva wa basi la shule, na alikuwa na sauti ya kazi hiyo. Akikuambia "pitisha chumvi" jirani naye aliisogeza ya kwake. Baba yao hawakumjua sana. Mama yao alifariki zamani, dada mtu akiwa na miaka ishirini na miwili na mdogo kumi na tisa, kwa maradhi ya titi. Ndani ya nyumba ile maradhi hayo hayakutajwa kwa jina. Walisema "yale ya mama," basi.

Jioni moja mdogo wake alirudi kazini, akakaa kitandani mwa dada yake bila kuvua viatu.

"Dada, hebu weka mkono hapa."

"Wapi?"

"Hapa mkanda wa kiti unapopita. Naona kama kuna kokoto."

Wembe aliweka mkono. Kweli, lilikuwepo, gumu, halikimbii kidole.

"Tangu lini hii?"

"Tangu shule zifunguliwe."

"Na leo ndiyo unaniambia? Shule zimefungwa na kufunguliwa tena! Mficha maradhi kifo humuumbua, hujui?"

"Ningekuambia ungenipeleka huko kwenu mkanikate vipande, mnibandike kwenye vioo."

Walicheka wote wawili. Kicheko kikaisha ghafla, kama taa iliyozimika, wakabaki wanasikiliza nyundo ya fundi viatu chini.

Baada ya siku kumi, vipande vya mdogo wake vilifika maabara, vidogo kama vipande vya uzi, katika kichupa chenye namba. Utaratibu ulikuwa fundi asishughulikie kipimo cha ndugu yake. Lakini mwenzake wa zamu alikuwa likizo, na mwingine alikuwa bado anajifunza. Wembe alinyamaza, akafanya mwenyewe. Alijiambia kwamba nyama ni nyama na namba ni namba.

Kwamba ni saratani, hilo lilijulikana siku ya tatu. Swali lililobaki ndilo lililokuwa zito: ni saratani ya namna gani? Ikiwa na vipokezi, maana yake inalishwa na homoni za mwili wenyewe, na kuna vidonge vya kuinyima chakula hicho, kimoja kwa siku kwa miaka. Isipokuwa navyo, mlango huo umefungwa, na iliyobaki ni njia ngumu. Halafu kuna kipimo cha pili, wao wakikiita kipimo cha kasi: dawa inayotia kahawia zile seli tu zilizokuwa zinajiandaa kujigawa. Unahesabu kahawia ni ngapi katika kila mia, unajua uvimbe unatembea au unakimbia.

Siku nyingi vioo vya vipokezi vilikuwa kimoja au viwili, lakini asubuhi ile kazi ilikuwa imerundikana, vikawa kumi na viwili. Wembe alivipanga kwenye trei, akadondoshea kila kimoja tone lake, akibadilisha ncha ya plastiki ya bomba kila alipohamia kioo kingine. Kioo cha mdogo wake kilikuwa cha saba. Alikumbuka vizuri alipokidondoshea, kwa sababu kabla ya tone aliisoma namba yake mara tatu.

Saa sita daktari alikuja. Alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mkali kwa kazi lakini si kwa watu.

"Bibi amesemaje?"

Wembe alimsogezea trei ya vioo. "Daktari, tazama mwenyewe."

Kwenye vioo kumi na kimoja Bibi alikuwa kahawia, kama kawaida yake. Kwenye kioo cha saba Bibi alikuwa buluu. Si kahawia hafifu, buluu tupu, kiini kwa kiini, kama hajawahi kuwa na kipokezi hata kimoja. Na chini yake, vipande vya mdogo wake vilikuwa buluu vilevile.

Daktari aliangalia kwa muda. "Hiki ulikiruka," alisema. "Hukukitia dawa."

"Nilikitia."

"Mama, binadamu huchoka."

Wembe alikwenda kwenye pipa dogo la taka, akalimimina juu ya karatasi. Ncha za plastiki zilizotumika, moja kwa kila kioo. Walizihesabu wawili. Zilikuwa kumi na mbili.

Yule kijana wa kike aliyekuwa anajifunza alisogea nyuma hatua moja. Daktari alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Sijui," alisema mwishowe. "Labda tone liliteleza. Ninachojua ni kwamba Bibi amekataa, na Bibi akikataa sitoi jibu. Miaka yote sijawahi kuona amekataa kioo kimoja peke yake." Akageuka kumtazama Wembe vizuri. "Unajua maabara nyingi huweka kipande cha kulinganishia kwenye kioo kimoja tu, kwa kazi nzima? Tungekuwa hivyo, huyu tungemwandikia hana vipokezi. Na asingepewa vidonge."

Hapo ndipo Wembe alipokaa chini, akasema kwamba huyo wa kioo cha saba ni mdogo wake.

Daktari hakumgombeza. Alimtoa nje ya kazi hiyo, akakaa mwenyewe na mwanafunzi, wakakata upya, wakatia dawa upya. Kesho yake saa sita alimwita. Bibi alikuwa kahawia. Na chini ya Bibi, mdogo wake alikuwa kahawia kama amemwagiwa kahawa: viini tisa katika kila kumi. Kipimo cha kasi kilitoka kumi na mbili katika mia. Unatembea, haukimbii.

"Atapasuliwa, atameza vidonge," daktari alisema. "Ana nafasi nzuri ya kupona. Nenda kamwambie."

Wembe alikwenda, akamwambia, wakalia. Ingeweza kuishia hapo.

Lakini daktari hakupenda kitu kisichoeleweka, na pia Bibi alikuwa anaisha. Kibonge kilikuwa kimebaki chembamba kama sarafu. Alitaka atafutwe wa kumrithi, na ili kulinganisha, alitaka kujua Bibi alitoka wapi hasa: umri, mwaka, uvimbe wa aina gani. Kwenye rejista ya sasa palikuwa na namba tu, na pembeni yake namba nyingine ya zamani, kwa mwandiko wa fundi aliyestaafu, mzee waliyemwita Mzee Nta.

"Shuka ghala," daktari alimwambia Wembe. "Fuata hiyo namba."

Ghala lilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha chini ya jengo, droo kutoka sakafuni hadi darini, na ndani ya droo vibonge vya nta vya miaka arobaini, maelfu kwa maelfu, kila kimoja na kipande cha mtu. Wengi wao walikuwa wamekwishazikwa. Huku chini walikuwa wamepangwa kwa mwaka. Palikuwa na baridi, na harufu tamu ya nta iliyochanganyika na dawa ya kuhifadhia inayochoma pua. Wembe aliipata droo. Kibonge kimoja hakikuwepo; nafasi yake ilikuwa wazi, kama jino lililong'oka. Akakitafuta kitabu cha mwaka ule, akakifungua juu ya goti.

Mwanamke. Titi la kushoto. Umri, arobaini na minne.

Kisha jina. Waliandika vibaya herufi moja, lakini yalikuwa majina ya mama yake, yote matatu.

Wembe alisoma mstari ule mara nyingi. Umri ule ulikuwa umri wake yeye, leo. Halafu, anasema, alihisi kitu cha ajabu: hakushtuka. Alihisi kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, akageuka, na kumwona yule yule aliyemtarajia. Kilichomtisha ni huko kutoshtuka. Alifunga kitabu, akapanda ngazi akiwa ameshika ukuta.

Mzee Nta aliishi nje ya mji, na macho yalikuwa yamemwishia karibu yote. Wembe alimkuta mchana barazani, anachambua mbegu za maua kwa vidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni Wembe. Nimekujua kwa hatua." Akaendelea na mbegu zake. "Bibi amekwisha?"

"Bado kidogo. Mzee, ulijua?"

Vidole vikasimama.

"Nilijua," alisema. "Si pale mwanzo. Mwanzo tulipoletewa kipimo cha vipokezi nilihitaji kibonge chenye nyama ya kutosha, nikajaribu vya zamani zaidi ya thelathini. Huyo mmoja ndiye aliyewaka kuliko wote. Kilikuwa namba tu. Miaka mitatu baadaye ukaja wewe kazini, ukaandika jina lako kwenye daftari. Majina mawili ya mwisho nikayakumbuka, ni yale yale niliyoyapitia kitabuni nilipokuwa natafuta vibonge. Nikashuka ghala, nikasoma."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Asubuhi njema binti, karibu kazini, huyu unayemkata ni mama yako?" Sauti yake ilikuwa nzito. "Niliamua nikiondoe. Nikaweka kibonge kingine. Kikachanika siku tatu mfululizo. Siku ya nne ukamchukua yule wa zamani mwenyewe, hukuuliza mtu, ukamkata utepe mmoja mrefu. Nikasimama mlangoni nakutazama. Nikaogopa kukutenganisha naye. Nakuambia kweli, niliogopa."

Wembe aliketi kwenye ukingo wa baraza. Kisha akauliza lile lililomleta. "Aliwaka kuliko wote, umesema. Kwa hiyo vidonge vingemfaa."

"Vingemfaa sana."

"Kwa nini hakupewa?"

"Mwaka ule hatukuwa na kipimo. Hakuna aliyejua. Alipasuliwa, akaambiwa aende nyumbani akamwombe Mungu." Mzee alifuta mikono kwenye suruali. "Wahenga walisema kufa kufaana, binti yangu."

"Usiniambie wahenga, mzee," Wembe alisema kwa ukali ambao hakuujua anao. "Alikuwa na watoto wawili."

"Naam. Nisamehe."

Mzee aliinamia tena mbegu zake. Baadaye yule mzee akasema, taratibu, kwamba ni yeye aliyelazimisha Bibi awekwe juu ya kila kioo, si kimoja tu, na daktari wa wakati ule alimwona mfujaji wa dawa. "Niliona mgonjwa anapimwa peke yake pale kwenye kioo, uchi, hana mtu. Nikataka kila mmoja awe na wa kumsindikiza."

Wembe alirudi akamweleza daktari, na daktari akasema familia ndiyo iamue. Wakitaka, kibonge kitatolewa leo hii, wakakizike. Hakuna atakayewauliza.

Mdogo wake alikuwa ameshapasuliwa, jeraha limekauka, vidonge ameanza. Aliposikia hakulia. Alisema, "Nataka kumwona."

Jumamosi asubuhi, maabara ikiwa tupu, Wembe alimkalisha kwenye darubini ya vichwa viwili, yeye upande huu, mdogo wake upande ule, wakitazama kitu kimoja.

"Huyu wa juu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Na huyu wa chini mimi." Alitazama kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliongea kwa kunong'ona. "Tunafanana, dada. Ona seli zimejipanga mistari."

Kweli walifanana. Wembe alikuwa ameliona tangu siku ile, akalinyamazia. Akabadilisha kioo, akaweka cha kipimo cha kasi, akakisogeza upande wa mama. Kati ya buluu tele walionekana kahawia wachache, wamejitokeza kama macho.

"Huyu hapa amefanya nini? Amekatika kati."

"Alikuwa anajigawa. Dawa ya kuhifadhi ikamkuta katikati."

"Siku ile aliyopasuliwa."

"Siku ile ile."

"Kwa hiyo miaka yote hii yuko katikati."

"Yuko katikati."

Mdogo wake aliinua uso kutoka darubini, akatazama kwenye kona ya chumba, pale penye mashine ya kukata nta, kana kwamba kuna mtu amekohoa. Wembe naye akatazama. Hapakuwa na kitu. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa chake.

"Kumzika, hapana," mdogo mtu alisema. "Tulishamzika, mimi na wewe, tukamaliza. Hapa yuko kazini. Mimi amenikatalia jibu baya, sasa mnataka kumstaafisha? Awakatalie na wengine."

"Zimebaki tandu kama arobaini hivi."

"Basi arobaini."

Wembe alizikata zote mwenyewe, kwa wiki tano. Hakumwachia mtu. Wenzake sasa walijua, na utani uliisha. Akikaa kwenye mashine walizima redio. Bibi hakukataa tena hata mara moja. Kibonge kilipofika mwisho, umbo la sikio lilipungua, likawa ncha, likawa nukta. Kwenye kioo cha mwisho, juu ya mgonjwa asiyemjua, palikuwa na seli saba tu. Daktari alizihesabu kwa sauti. Zote saba kahawia.

"Zinatosha," alisema, akaandika jibu.

Kibonge kipya kilianza kazi Jumatatu. Kilichaguliwa kwa utaratibu: daktari alimpigia simu mwenyewe, mwanamke aliye hai, muuza vitabu, akamwomba ruhusa, naye akauliza kama italeta maumivu yoyote kisha akakubali. Tangu hapo ikawa kanuni ya maabara ile kwamba fundi lazima asome jina kitabuni kabla ya kukata mara ya kwanza, na aliye hai aulizwe. Bado Wembe anakata. Utepe wa huyu mpya hutoka vizuri, ila siku nyingine humchanika kama unavyowachanika wengine.

Mdogo wake yuko mwaka wa tatu wa vidonge. Vinamletea joto la ghafla, anaendesha basi madirisha wazi hata kwenye baridi, watoto wakimlalamikia kwa wazazi wao. Anawajibu, "Vaeni masweta, mimi nawaka." Vipimo vyake vyote mpaka sasa ni safi.

Ile nta tupu ya Bibi ilitakiwa kutupwa. Siku ile ya mwisho, watu walipotoka, Wembe aliirudisha kwenye mashine, akakata utandu mmoja zaidi ili ahakikishe, akauweka majini. Ulikuwa mweupe, hauna kitu. Ulielea umenyooka. Nje basi lilipiga honi mara mbili, mdogo wake amekuja kumchukua, lakini Wembe alisimama pale mpaka maji yakapoa kabisa.

"Umechelewa," mdogo wake alimwambia alipopanda. "Ulikuwa na nani?"

"Funga mkanda twende," alisema Wembe.